Ruhusa ya System

Kompyuta ya kanisa letu ilikuwa imezeeka vibaya. Ukiiwasha asubuhi ilinguruma kama posho mill inayosaga mahindi, na ungeweza kunywa chai na kuosha kikombe kabla haijakuonyesha chochote. Lakini ndani yake kulikuwa na maisha yetu yote ya Jumapili: nyimbo za kwaya, mahubiri, programu za mazishi, video za harusi ambazo baadhi ya wenyewe wameshaachana. Kwa hivyo kompyuta mpya ilipoletwa, ikiwa bado imefungwa nailoni, pasta wetu alisimama mlangoni pa ofisi akatoa agizo.

"Kila kitu kihamishwe. Nimesema kila kitu. Msiruke hata kimoja."

Neno hilo la mwisho ndilo lililotupeleka hadi Kamere, kando ya Ziwa Naivasha.

Kazi ilipewa Mkurugenzi wa Midia. Cheo hicho hakimo kwenye katiba ya kanisa, na katiba hiyo naijua kwa sababu niliichapa mimi. Siku za kazi mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nakuru; wikendi nilikuwa karani wa baraza la wazee, yaani mtu anayeandika wanayosema wengine bila kucheka. Mkurugenzi alikuwa mdogo wake mke wa pasta, mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa kwa ustadi na kadi za biashara ambazo aliwagawia hata wajane. Alikuwa amechukua nafasi ya fundi wetu wa sauti, aliyefukuzwa miezi kadhaa kabla.

Kosa la fundi lilikuwa hivi. Jumapili moja ibada iliisha, lakini matangazo ya mtandaoni hayakuisha. Waumini waliokuwa wakitufuatilia kwa simu, kutoka Lanet hadi Uarabuni, wakamsikia pasta akimwambia mkewe kwamba keki ya kina mama ni ngumu kama tofali na kwamba ameimeza kwa neema tu. Mimi ni mmoja wa kina mama. Unga wa keki hiyo niliuchunga mimi. Lakini baraza halikumuuliza pasta kuhusu keki. Lilimuuliza fundi kuhusu maikrofoni. Aliposimama kueleza kwamba maikrofoni hiyo ilikuwa kwenye kola ya pasta, na swichi yake kiunoni mwa pasta, aliambiwa anyamaze. Akatolewa kazini "kwa kukosa nidhamu ya kiroho." Niliuliza kama swichi nayo huwa na roho. Nikaambiwa niandike tu.

Basi Mkurugenzi akachomeka diski ya nje, akachagua ile folda kubwa yenye mambo yetu yote, akaanza kunakili, akaenda kunywa soda. Aliporudi alikuta ule mstari wa kijani umesimama, na mbele yake kibao cha maandishi. Kibao kilisema kwa Kiingereza kwamba faili fulani haiwezi kunakiliwa kwa sababu imefunguliwa ndani ya System. Ifungwe kwanza, kisha ajaribu tena. Chini yake palikuwa na vitufe vitatu: kujaribu tena, kuruka, na kuacha.

Alijaribu tena. Alijaribu mpaka mausi ikaanza kulia. Kuruka kulikuwa kumekatazwa na mtumishi wa Mungu. Kwa hivyo akabonyeza cha kuacha, kazi yote ikakoma, akaanza upya toka mwanzo, ikakwama palepale. Wiki nzima ilikwenda hivyo, halafu akaitisha kikao cha dharura.

Tulikaa ofisini tukiitazama ile skrini kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Pasta alivaa miwani akasoma kibao chote kwa sauti, halafu akageuka.

"System ni nani?"

Katika nchi hii neno hilo si la kompyuta. System ndiyo huamua nani atashinda uchaguzi na nani atakuwa chifu. Kila mtu anaijua na hakuna aliyewahi kupeana nayo mkono. Mzee mmoja wa kanisa, aliyepasua mbao Elburgon maisha yake yote, alisogeza kiti mbali kidogo na kompyuta.

"Sasa serikali inataka nini na nyimbo za kwaya?" akauliza.

"Si serikali, Mzee," Mkurugenzi akasema. "Ni faili. Hii hapa, jina lake linaishia na log. Hizi logs zimefungwa."

"Logi?" Mzee akachangamka, maana kwake logi ni magogo. "Za mti gani?"

"Si za mti. Ni za kompyuta."

"Mimi nilikuwa na logi zikafungwa. Lori nzima. Watu wa msitu walizifunga. Dawa yake ni moja tu: unaenda polepole kuongea na bwana misitu, mkiwa wawili."

Pasta alisema hatutaongea na bwana misitu. Mkurugenzi akajaribu kuihamisha ile faili peke yake, na kibao kingine kikatokea. Hiki kilisema inahitajika ruhusa ya Administrator, yaani msimamizi. Hapo pasta alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Administrator wa kanisa hili ni mimi," akasema. "Hebu sogea."

Akakaa. Akakunja mkono wa koti. Kwa kidole kilekile anachotuonyeshea tunapohubiriwa kuhusu zaka, akabonyeza kuendelea. Kompyuta ikafikiria kidogo, ikamkatalia. Akabonyeza tena. Ikamkatalia tena, kwa maneno yaleyale, bila hata kuongeza pole. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kanisa lile na sijawahi kuona mtu akimkatalia pasta mara mbili mfululizo. Niliinamisha kichwa nikajifanya naandika.

Aibu kama hiyo haiwezi kukosa mwenyewe, na Mkurugenzi ndiye aliyempata. Aliinama karibu na skrini akasoma anwani ya ile faili, folda ndani ya folda, na katikati yake likaonekana jina la fundi aliyefukuzwa.

"Jina lake liko hapa," akasema taratibu, kama daktari anayeleta majibu mabaya. "Ni yeye ameifunga. Akaenda na funguo."

Jina la fundi lilikuwa pale kwa sababu ndiye aliyeitayarisha kompyuta ile siku iliponunuliwa. Miaka yote tulikuwa tunaingia kwa jina lake. Hata asubuhi hiyo Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameingia kwa jina lake. Lakini hakuna aliyeuliza, na mimi wakati huo nilijua kompyuta kiasi cha kuchapa mitihani tu.

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imeenea kanisa zima. Kwaya ilisema fundi amefunga sauti zao. Mama mmoja wa sauti ya pili aliapa kwamba koo lake halijawa sawa tangu siku alipoondoka. Mkurugenzi alitaja polisi wa mitandao mara nyingi kiasi kwamba watu walianza kumwogopa yeye. Alimpigia fundi simu na haikushikwa, akapiga tena kesho yake, haikushikwa, na kutoshikwa kwa simu kukawa ushahidi. Tulikuja kujua baadaye kwamba alikuwa ameajiriwa kwenye shamba la maua upande wa Naivasha, na huko simu huachwa nje ya grinhausi.

"Twendeni kwake," nikasema kikaoni. "Tumuulize kama watu wazima."

Walikubali, si kwa sababu lilikuwa wazo zuri, ila kwa sababu polisi wa mitandao hakuna aliyejua ofisi yao iko wapi.

Jirani zake wa zamani walituambia amehamia Kamere, na Jumamosi tukaenda kwa gari la pasta: yeye, Mkurugenzi, Mzee wa mbao, na mimi. Kwenye buti tulikuwa na unga, sukari na mafuta ya kupikia, maana huwezi kwenda kwa mtu uliyemfukuza ukiwa mikono mitupu. Mtu angetuona angedhani tunaenda kuposa. Pasta hakuzungumza mpaka tukapita Gilgil. Alikuwa anafanya mazoezi ya maneno yake kimyakimya, midomo ikitikisika.

Kamere tulifika wakati zamu ya asubuhi inatoka. Barabara ilijaa watu wenye gamubuti na aproni, na kina mama walikuwa wanakaanga samaki kando ya njia hadi moshi ukaingia ndani ya gari na pasta akapandisha kioo. Tuliulizia, tukaonyeshwa ploti ya mabati yenye vyumba vinavyotazamana. Mke wa fundi alitufungulia. Alitutambua wote, akatutazama mmoja mmoja bila haraka, halafu akasema karibuni kwa sauti ambayo mtu humkaribisha nayo mpima mita ya stima.

Fundi alikuja muda mfupi baadaye. Alikuwa amekonda. Alivua gamubuti nje, akatusalimia kwa mkono, akakaa kwenye kitanda kwa sababu viti vyote tulikuwa tumevikalia sisi.

Pasta akaanza mbali sana. Alizungumzia upendo, na mwili mmoja wenye viungo vingi, na jinsi shetani anavyopenda kuingilia teknolojia. Fundi alisikiliza huku ameshika magoti. Mwishowe akauliza, "Pasta, kwani kuna shida gani?"

"Ile faili," Mkurugenzi akadakia. "Tunajua uliifunga. Hatujakuja na ubaya. Tupatie password tu."

"Faili gani?"

Mkurugenzi akamwonyesha picha ya skrini kwenye simu. Fundi aliichukua, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama. Mimi nilikuwa nimekaa mkabala naye, na nimefundisha kwa muda mrefu. Najua uso wa mtu anayezuia kicheko. Kidevu chake kilikaza. Akashusha pumzi. Alipoinua macho alikuwa na uso mzito kama wa mganga.

"Hii," akasema, "ni kazi kubwa."

"Tulijua," Mkurugenzi akasema.

"Inawezekana kufunguliwa. Lakini lazima nije mwenyewe. Na kabla ya kuja, kuna kitu."

Mzee wa mbao akanigusa kiwiko kunikumbusha mambo ya bwana misitu. Lakini fundi hakutaka chochote cha mfukoni.

"Mama yangu bado anasali kwenu," akasema. "Tangu siku ile anakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu watu wanamwangalia. Nataka Pasta aseme mbele ya kanisa kwamba sikukosa. Aseme kwa maikrofoni. Halafu nitafungua faili."

Pasta alikohoa. Akasema mambo kama hayo huwa yana utaratibu. Fundi akasema hata faili ina utaratibu. Hapo mke wa fundi akaleta samaki.

Nilitoka kumsaidia kubeba maji ya kunawa. Fundi alinifuata hadi kwenye bomba, na hapo nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Wewe kweli uliifunga?"

"Mwalimu, hakuna mtu ameifunga." Sasa alikuwa anacheka waziwazi, mgongo akiwa ameuelekeza mlangoni. "Hiyo ni log ya kompyuta yenyewe. Ukiingia kwa jina langu, mashine inaandika humo kila kitu inachofanya. Inaandika mpaka utoke. Sasa utanakili aje kitu kinachoandikwa? Watoke, waingie kwa jina lingine, basi. Ama wairuke tu, haina maana kwao."

"Pasta amekataa waruke."

"Basi wakae hapo." Akanawa mikono. "Na mkiangalia kwenye diski, nafikiri nyimbo ziliingia siku ya kwanza. Inakwama kwa hiyo moja tu."

"Mbona usiwaambie?"

Aliacha kucheka. "Siku ile ya kikao nilianza kueleza mambo ya swichi. Wewe ulikuwa hapo ukiandika. Nilimaliza hata sentensi?"

Hakuwa amemaliza. Nilirudi ndani nikala samaki wangu, na alikuwa mtamu sana.

Jumatatu baada ya shule nilipita ofisini nikafungua ile diski. Nyimbo zote zilikuwamo. Zilikuwamo mara kadhaa, nakala juu ya nakala, kwa kila siku ambayo Mkurugenzi alianza upya. Mahubiri yalikuwamo, harusi zilikuwamo, na mazishi. Kilichokosekana ni ile faili ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuitaka. Nilichomoa diski nikairudisha kwenye droo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, pasta wetu alikuwa njiani kuomba mtu msamaha, na mimi sikuwa tayari kumharibia safari.

Jumapili iliyofuata fundi alikuja na shati jeupe, akakaa nyuma kando ya mamake, mwanamke mfupi aliyevaa kitambaa cha bluu na kushika Biblia yake kwa mikono miwili. Baada ya matangazo pasta alishika maikrofoni.

"Wapendwa," akasema, "kama kuna mtu yeyote ambaye pengine alihisi kwamba aliumizwa na jambo fulani lililotokea..."

Akatazama nyuma. Fundi hakutikisika. Mkurugenzi, aliyekuwa kwenye meza ya sauti, alimwonyesha pasta ishara ya kuendelea, maana alikuwa anaitaka hiyo password kuliko anavyoutaka ufalme wa mbinguni.

Pasta akajaribu tena. Alizunguka kwenye udhaifu wa wanadamu wote tangu Adamu, na watu wakaanza kutazama saa. Halafu nadhani alichoka. Mabega yalishuka, na sauti yake ikawa ya kawaida, ile ambayo huitumia akinunua viazi.

"Maikrofoni ilikuwa yangu," akasema. "Swichi niliisahau mimi. Huyu ndugu yetu nilimwonea."

Waliokuwa wakitazama saa wakaziacha.

"Na keki je?" mama mmoja akauliza kutoka upande wetu. Si mimi, ingawa wengi mpaka leo wanadhani ni mimi.

Kicheko kilipasuka hadi kwenye kwaya. Pasta alifuta uso kwa kitambaa. "Keki ilikuwa..." akasema, "ilikuwa keki. Tuimbe."

Wakati wa wimbo niliwaona kina mama wa safu ya tatu wakisukumana kwenye benchi kutengeneza nafasi, na mmoja wao akaenda nyuma akamshika mama yake fundi mkono. Mama alikataa. Akavutwa. Akakataa tena, halafu akaenda, akipita katikati ya kanisa polepole na kichwa kimeinuka, na alipokaa aliimba beti zote zilizobaki kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote. Hapo hata mimi, niliyekuwa nimekuja kucheka, niliimba naye.

Baada ya ibada tulijazana ofisini. Fundi aliomba kimya, akapewa. Alitengeneza jina jipya kwenye ile kompyuta kuukuu, akaizima, akaiwasha. Tukasubiri ingurume mpaka ichoke. Akaingia kwa jina jipya, akachagua folda, akaanza kunakili. Mstari wa kijani ulitembea, ukafika palipokuwa pakikwama, ukapita kama hakujawahi kuwa na kitu. Watu walipiga makofi. Pasta alisema, "Haleluya," na nafikiri alimaanisha.

"Password ilikuwa gani?" Mkurugenzi akauliza, kalamu mkononi.

"Hakuna password," fundi akasema. "Unatoka tu, unaingia kwa jina lingine."

Mkurugenzi alimkonyeza. "Sawa, kama hutaki kusema."

Mzee wa mbao akaomba aonyeshwe hizo logi zenyewe, kwa sababu amefunga safari mpaka Kamere kwa ajili yazo. Fundi akaifungua ile faili. Skrini ikajaa alama zisizosomeka, vijiti, nukta na mapengo. Mzee alisogea, akaangalia kwa muda mrefu, akasema, "Na ndio hii wamenipandisha gari?"

Fundi aliombwa arudi kazini, awe chini ya Mkurugenzi. Alishukuru sana na kukataa. Wiki iliyofuata Mkurugenzi alisimama akatoa taarifa kwamba idara yake imefanikiwa kuondoa mashambulizi kwenye mtandao wa kanisa, akapigiwa makofi, na mimi nikaiandika taarifa hiyo kama ilivyosomwa.

Lakini siku ile ya kunakili nilialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa mama yake fundi, mtaa wa Free Area. Alikuwa amepika kuku na chapati, na alikuwa akimwekea mwanawe nyama kabla sahani haijaisha. Alifurahi sana, mpaka akakumbuka jambo. Akaweka mwiko chini.

"Hebu niambie ukweli. Hiyo faili ulikuwa umeifunga?"

"Hapana, Mama. Hakuna aliyeifunga."

Mama alimtazama, halafu akanitazama mimi. Nikajishughulisha na chapati. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu mwili mzima, akashika meza. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Halafu akasimama wima ghafla.

"Umemdanganya mtumishi wa Mungu!"

"Sikumdanganya. Nilisema ni kazi kubwa. Haikuwa kazi kubwa kumfanya aseme vile?"

"Kesho utampigia simu umwambie ukweli."

"Nitampigia, Mama. Hataamini."

Alimpigia kweli, nilikuja kuambiwa. Pasta alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa unyenyekevu wake wa kutotaka sifa, akamwombea kwenye simu.